Tushapima majani maabarani, sasa tuyapime barazani

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesomea uzamili wa kemia, jirani yangu hapa Kiplombe, alinigongea mlango na ombi. Alikuwa amesikia kwamba nashuka Pwani kwa likizo, akataka nimrudie na fuko la majani: mkilua, kirumbasi, mrehani, na mwarobaini kama nitaupata mbichi. Nia yake ni kuyakamua mafuta, kisha ayajaribu kama yanafukuza mbu. "Mzee, mimea yenyewe iko kwenu," akaniambia, kama mtu anayeagiza samaki.

Kwa asiyepajua, Kiplombe ni wadi ya eneo bunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, ukingoni mwa Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Tuko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari. Usiku hapa ni wa sweta na blanketi mbili, na mbu ni mgeni wa msimu, si mwenye nyumba kama kule kwetu. Lakini mtu wa nyanda za juu ana sababu ya kumwogopa mbu. Pwani malaria tumeizoea, na mwili wa mtu mzima hujifunza kupigana nayo. Huku malaria huja kwa mlipuko, mwaka mmoja mvua ikizidi na joto likipanda, ikawakuta watu wazima na watoto wote hawana kinga. Wizara ya Afya yenyewe huyahesabu maeneo haya kuwa ya hatari ya mlipuko.

Isitoshe, wataalamu wako karibu. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko Chepkoilel, na Chuo Kikuu cha Moi kiko upande wa Kesses. Moi kina kituo cha umahiri cha kemikali za mimea, nguo na nishati jadidifu, kimoja kati ya vituo 24 ambavyo Benki ya Dunia ilianza kuvifadhili mashariki na kusini mwa Afrika mwaka 2016. Kwa hivyo kijana hakukosea njia. Kama ni kukamua majani, hapa ndipo.

Hata hivyo ombi lake limenikaa kichwani, kwa sababu linagusa jambo kubwa kuliko fuko la majani. Kwamba mimea ya Pwani hufukuza mbu si habari tena. Bibi zetu walilijua hilo, na sayansi ililithibitisha miaka ishirini iliyopita. Ambalo halijapimwa vya kutosha, nalo ndilo linalotuhusu sisi tunaoumwa, ni kama mafuta hayo yatamlinda mtu wa kawaida, kwa saa zake za kawaida, dhidi ya mbu wa mtaani kwake. Na yakishafika dukani, nani atalipwa?

Nianze na tunayoyajua. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Acta Tropica lilichapisha kazi ya Josiah Odalo, Ahmed Hassanali na wenzao, watafiti waliochukua mimea sita kutoka pwani ya Kenya, wakaivukiza kupata mafuta yake, na kuyajaribu dhidi ya Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria. Mmojawapo wa mimea hiyo ulikuwa mkilua. Naam, mkilua huu huu ambao ua lake wanawake wetu hulitia kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani, likanukisha nyumba nzima ya harusi. Kitaalamu unaitwa Mkilua fragrans. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika rasmi mwaka 1970 hakutafuta neno la Kilatini, alilichukua la Kiswahili kama lilivyo akalifanya jina la jenasi. Si mimea mingi ulimwenguni inayobeba jina letu mpaka kwenye vitabu vya Kew.

Wenzake katika utafiti ule walikuwa mimea miwili ya jamii ya kirumbasi na mitatu mingine ya porini. Mafuta ya yote sita yaliwafukuza mbu. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Kenya walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo kwa mimea ya sehemu nyingine za nchi. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kule Mbita kando ya Ziwa Viktoria, ambako kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kina kampasi, walijaribu desturi za vijijini zenyewe, yaani kuweka mmea hai ndani ya nyumba, au kuyapasha majani moto. Kirumbasi kilichopandwa chunguni kilipunguza mbu kwa kiasi kisichofika nusu. Majani yaliyopashwa moto taratibu juu ya bati, bila kuunguzwa, yalifanya vizuri zaidi, na mkaratusi wenye harufu ya limau ukaongoza kwa karibu robo tatu.

Hapo pana funzo dogo kwa wanaochoma makumbi ya nazi uani. Moshi hufukuza mbu, ni kweli, lakini hauchagui pa kwenda, na kifua cha mtoto mchanga hulipa. Chetezo chenye kaa dogo na majani mabichi juu ya kigae kilikuwa karibu na ukweli wa maabara kuliko tulivyodhani.

Sasa tazama majaribio yenyewe yanavyofanywa. Mtu anayejitolea hupakwa mafuta mkononi, kisha huutia mkono ndani ya kizimba chenye mbu majike wenye njaa ya damu, waliozalishwa humo humo maabarani ili wasiwe na ugonjwa. Mkono wa pili huwa haukupakwa kitu. Wanahesabu ni mbu wangapi wanatua hapa na wangapi kule. Ni njia nzuri na ya haki, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea utaratibu wake tangu 2009. Lakini majaribio mengi ya mafuta ya mimea hukomea dakika chache baada ya kupaka. Dakika tatu baada ya kupaka, hata maganda ya chungwa humtia mbu wasiwasi.

Tatizo la mafuta ya mimea ni lile lile linaloyafanya yanukie. Harufu ni mafuta yanayopaa. Yakishapaa, ngozi imebaki tupu. Mwaka 2002 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha mashindano yaliyofanywa na Fradin na Day. Bidhaa yenye DEET, kemikali iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani katika miaka ya 1940, ikiwa kwa kiwango cha asilimia 23.8, ilimlinda mtu kwa wastani wa dakika 301.5 kabla ya kuumwa mara ya kwanza. Bidhaa ya mafuta ya soya ilifika dakika 94.6. Zile za sitronela, ndugu wa mchaichai, hazikufika dakika 20. Dakika 20! Hata kahawa haijapoa, na tayari mbu yuko kifundoni.

Mtu akiniuzia chupa ya mafuta ya asili, basi, simuulizi kama yanafukuza mbu. Namuuliza mpaka saa ngapi. Na hapa ndipo ninapodhani wakemia wa Eldoret na wafukiza udi wa Lamu wangefaa kukaa mkeka mmoja, kwa sababu tatizo la kuizuia harufu isipae haraka ni la kale sana kwetu. Anayetengeneza udi au manukato anajua kwamba harufu nyepesi haikai peke yake, hufungwa na nzito: sandali, ambari, sukari iliyochemshwa, mafuta mazito. Maabara nazo zimeonyesha kwamba ukiongeza vanilini kwenye mafuta ya mimea, muda wa ulinzi huongezeka. Ufundi ni ule ule, umevaa koti jeupe.

Lakini nisiwe kama anayeyakatia tamaa majani. Kisa kinachonipa moyo kinatoka mbali, msitu wa Amazoni upande wa Bolivia. Mwaka 2007 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilitoa matokeo ya majaribio ambayo familia zenye neti zilipewa pia mafuta ya kujipaka yenye PMD, kiungo kinachotokana na ule mkaratusi wa limau. Wenzao walipewa mafuta yasiyo na dawa. Malaria ilipungua kwa asilimia 80 kwa waliopata dawa. Si kwa sababu PMD ina miujiza. Mbu wa pale huuma mapema jioni, kabla watu hawajaingia ndani ya neti. Dawa ilijaza pengo ambalo neti haiwezi kulijaza.

Nasi pengo hilo tunalijua kwa jina. Linaitwa baraza. Kuanzia maghribi mpaka baada ya isha, nusu ya mtaa iko nje: wazee kwenye bao, vijana kwenye kahawa chungu, akina mama ukumbini na milango wazi kwa sababu ya joto. Na alfajiri tena, mtu anatoka kitandani mwake kabla ya jua kwenda kuswali au kwenda kuvua. Neti tumepewa, tena nyingi, na zimeokoa watoto wengi mno. Lakini neti imetundikwa juu ya kitanda, na maisha ya Mpwani hayako kitandani saa zile. Mafuta yanayodumu saa tatu za jioni kwetu yangekuwa na kazi. Ya dakika 20 hayana.

Kisha kuna mbu yupi. Utafiti wa mkilua ulifanywa kwa mbu wa malaria anayeuma usiku. Ugonjwa unaotusumbua mijini sasa ni kidingapopo, ambao wazungu huuita dengi, na wako wanaisimu wanaosema hata neno hilo la kizungu asili yake ni letu. Mombasa imeugua mlipuko wake 2013, 2017 na 2021. Chikungunya, jina la Kimakonde linaloeleza mtu anavyojikunja kwa maumivu, ilitua Lamu mwaka 2004, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa mji walikuwa wameambukizwa. Robo tatu! Ni karibu kusema kila nyumba. Maradhi haya mawili huenezwa na Aedes aegypti, mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayezaa kwenye pipa, mtungi na dumu la maji, na anayeuma mchana. Neti hapo haina la kusema. Mtoto yuko madrasa, mama yuko jikoni, na maji ya mfereji huja mara moja kwa wiki kwa hivyo kila nyumba ina mapipa.

Na mbu hawanusi sawasawa. Dawa inayomshinda Anopheles huenda Aedes akaiona upepo tu. Kwa hivyo kumpima mkilua dhidi ya mbu wa malaria peke yake, kisha kuyauza mafuta Mji wa Kale ambako kinachowalaza watu ni kidingapopo, ni kumpa mtu ufunguo wa mlango wa jirani. Tena ametufikia mwingine. KEMRI ilitangaza kwamba Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa mijini kutoka Asia, amepatikana Marsabit. Huyu huzaa kwenye matangi ya maji kama Aedes. Djibouti alionekana 2012, na malaria iliyokuwa karibu kuisha pale ikarudi kwa kishindo. Miji ya bandari yenye shida ya maji inamfaa sana. Sitaki kuitaja kwa jina, msomaji anaijua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Mbu aliyefukuzwa hafi, huenda kwa mwengine. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwenye bonde la Kilombero, Tanzania, ambako baadhi ya nyumba zilipewa dawa ya kujipaka na nyingine mafuta matupu. Palipokuwa na watumiaji wengi wa dawa, wale wasiotumia walipata mbu zaidi. Tafsiri yake mtaani ni nyepesi: mwenye uwezo ananunua chupa, na mbu wake wanahamia kwa jirani asiye na uwezo. Sisi tuliofundishwa haki ya jirani tangu chuoni hatuwezi kulipita hili kama takwimu tu. Kama serikali za kaunti zitaingia kwenye biashara ya dawa hizi, basi ziingie kwa mtaa mzima, si kwa chupa moja moja za dukani.

Ndiyo maana habari ya 2025 inastahili kusomwa vizuri kuliko ilivyosomwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa mara ya kwanza vifaa vinavyotundikwa ukutani na kutoa polepole mvuke unaofukuza mbu nyumba nzima. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka Busia, hapa hapa Kenya, kwenye majaribio yaliyoongozwa na Eric Ochomo wa KEMRI, ambako maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yalipungua kwa karibu thuluthi. Kifaa chenyewe hakihitaji moto wala umeme. Hakihitaji hata mtu kukumbuka kujipaka, na hilo si dogo, kwa sababu majaribio makubwa ya mafuta ya kujipaka, Tanzania na Kambodia, yaliyoshindwa kuonyesha faida yalikwama hapo hapo: watu husahau, au huchoka.

Dawa iliyomo inaitwa transifluthrini. Ni kemikali ya kiwandani, lakini ukiufuata ukoo wake unafika kwenye ua. Ua hilo ni pareto, na wazee wa huku wanalikumbuka vizuri kuliko wangependa. Pareto ililetwa Kenya miaka ya 1920, ikaota vizuri kwenye baridi ya nyanda hizi, na kwa miongo mingi Kenya ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani. Unga wake ndio Wajapani waliutumia kutengeneza vijiti vya kwanza vya mbu mwaka 1890, kabla ya ile koili ya duara tunayoiwasha chini ya meza. Baadaye wakemia wa Uingereza waliigeza kemia ya ua lile, wakatoa dawa za viwandani, ukiwamo permethrini unaotiwa kwenye neti. Soko lilitikisika. Lakini kilichoua pareto ya Kenya, wakulima watakuambia, si wakemia. Ni kutolipwa. Walipeleka maua Nakuru, wakangoja pesa miezi, kisha miaka, wakang'oa mashina wakapanda mahindi na viazi. Australia, kisiwani Tasmania, ikachukua nafasi.

Napakaa hapa kwa makusudi. Kenya imewahi kuwa na dawa ya wadudu ya mmea, iliyothibitishwa, iliyotakiwa na dunia nzima, na ikaipoteza mikononi mwake yenyewe kwa sababu aliyeilima hakupata chake. Mkilua hauna hata bodi ya kuunyima pesa. Utafika sokoni bila mwenyewe.

Hapa sasa nirudi kwa kijana na fuko lake. Nilimwambia nitambebea, lakini kwa masharti ambayo si yangu, ni ya sheria. Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika 2014, inayosema anayechukua mmea wa watu kwa utafiti aombe idhini yao na wakubaliane mapema juu ya faida. Na Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ambayo inazitaka serikali za kaunti ziwe na daftari la maarifa hayo. Kwa hivyo elimu ya bibi anayejua ni jani gani la mkilua lichumwe, na lini, ni mali inayoweza kuandikishwa. Kijana alishangaa. Kibali cha utafiti cha NACOSTI alikuwa nacho, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kuna mwenye majani pia.

Silaumu. Ningeuliza badala yake ni kaunti gani ya Pwani yenye daftari hilo ambalo mwananchi anaweza kuingia ofisini akaonyeshwa. Swali hilo ningependa mwakilishi wa wadi mmoja alisimamie bungeni, badala ya hoja za kubadilisha majina ya barabara.

Wala si kweli kwamba Pwani hatuna pa kupimia. Kilifi ina KEMRI na washirika wake wa Wellcome, wenye jina dunia nzima kwa malaria. Kilifi hiyo hiyo ina Chuo Kikuu cha Pwani chenye kituo chake cha sayansi ya viumbe. Aedes wetu wako hapo nje ya dirisha, hawana haja ya kusafirishwa kwa kizimba. Ningetamani kuona kazi ya pamoja: Eldoret wakamue na kufunga harufu, Kilifi wapime kwa saa, kwa mbu wa mchana na wa usiku, na wapime barazani, si kizimbani tu.

Na kwa kuwa kituo kile cha Moi kinachanganya kemikali za mimea na nguo, na chuo chenyewe kinamiliki kiwanda cha nguo cha Rivatex kilichofunguliwa upya 2019 baada ya ukarabati, nina wazo ambalo mke wangu aliliita la mtu asiye na kazi. Leso. Mavazi yaliyotiwa dawa si ndoto. Dadaab kwenye kambi za wakimbizi walitia permethrini kwenye nguo za watu, na maambukizi ya malaria yakapungua. Mama wa Pwani hujifunga leso jikoni, humfunika mtoto kwa leso mchana, hukalia leso barazani. Hakuna vazi linalokaa karibu na mtoto kuliko hilo, saa zile zile ambazo Aedes anauma. Kama ipo dawa ya mmea inayoweza kushikamana na pamba ikavumilia kufuliwa mara kumi, hapo ndipo pa kuanzia. Kama haipo, basi tujue, tuache kuitafuta kwenye chupa.

Kabla ya siku hiyo, chupa zipo, na zinauzwa. Dada yangu Kisauni aliwahi kunitumia picha ya moja, imeandikwa "asili asilimia 100, salama kwa watoto wachanga". Sikuona nambari ya usajili, wala jina la mtengenezaji, wala kiwango cha mafuta yaliyomo. Nchini mwetu dawa za kufukuza wadudu husajiliwa na bodi ya PCPB, na nambari hiyo hupaswa kuwa kwenye kibandiko. Asili si usalama. PMD yenyewe, ambayo imepimwa mpaka ikachoka, Marekani hawaruhusu apakwe mtoto chini ya miaka mitatu. Mafuta ya mkaratusi yanayouzwa kwa kufukizia mafua si PMD, hata yakinukia limau. Na mafuta ya mbegu ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga yanaweza kumletea degedege na hata kumuua, pamoja na sifa zote za jina lake. Dada nilimwambia amlaze mtoto ndani ya neti mchana pia, afunike mapipa kwa kitambaa na kamba, na chupa airudishe.

Lililobaki ni la miche, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, misitu ambayo imebaki vipande vipande. Kikuba kinahitaji maua machache. Chupa ya mafuta inahitaji magunia ya majani. Soko likifunguka kabla ya mashamba, vichaka vya porini vitakatwa kwa misimu miwili mitatu vikaisha, na harusi zetu zitanukia plastiki. Kakamega waliliona hili mapema. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu, walianza kuupanda mmea wa jamii ya kirumbasi kwenye mashamba yao wenyewe badala ya kuuchuma msituni, wakawa wanavukiza mafuta na kutengeneza dawa ya kujichua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Walianza na kitalu, kiwanda kikafuata.

Nitakaposhuka mwezi ujao nitapitia kwa mzee mmoja wa upande wa Kwale ambaye ana mikilua minne nyuma ya nyumba, anayoiuzia maua Ijumaa. Nataka kumuuliza kama inaota kwa mbegu au kwa kukata tawi, inachukua miaka mingapi kuchanua, na angetaka shilingi ngapi kwa gunia la majani.